Mama wa Visiwani Aliyenionyesha Shingo Yake

Akina mama wenzangu, na akina baba mliotusindikiza, nawasalimu kwa jina la Mungu aliyenibakishia pumzi. Mnasikia sauti yangu ilivyo nzito na ya kukwaruza. Anayenisikia bila kuniona hudhani ni mzee wa kiume anaongea. Sikuzaliwa nayo. Nitawaeleza niliipata vipi, na habari za mama mmoja kutoka mbali sana aliyenifanya nikubali kuiweka hatarini ile ya kwanza ili nibaki hai.

Naitwa Jerida Nafula. Nilizaliwa Matulo, karibu na Webuye, nikaolewa na Wanyonyi, dereva wa trekta kwenye mashamba ya mahindi huko Trans-Nzoia. Tulikaa Kitale. Mimi nilikuwa fundi wa nguo, cherehani yangu ikiwa kwenye veranda ya duka moja karibu na soko. Jumapili niliongoza kwaya. Sauti yangu ilikuwa ya juu na safi, nasema hivyo bila kujisifu. Watu waliokuwa bado njiani walikuwa wakiisikia na kuongeza mwendo, wakijua ibada imeanza.

Mwaka wa 1981, baada ya kumzaa kitindamimba wangu, nilikuwa naoga nikagusa kitu shingoni. Kilikuwa kidogo kama njugu, upande wa kulia, na hakikuuma. Huku kwetu rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, si jambo geni. Shangazi yangu alikuwa nalo na alizeeka nalo. Nikasema hili ni la ukoo, nikaendelea kushona.

Lakini lile la shangazi lilikuwa laini. Langu lilikuwa gumu kama jiwe la mtoni. Mwaka uliofuata lilikuwa limefikia yai la kuku. Kwa kuwa mimi ni fundi, nilijishonea blauzi zenye kola ndefu. Uvimbe ulivyoongezeka, na kola nayo ikapanda. Wateja wakaanza kuniambia, "Mama Nekesa, hiyo fasheni ni nzuri, nishonee kama yako." Nikawashonea. Wanawake wa Kitale walikuwa wanatembea na ugonjwa wangu bila kujua.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mayi, ndiye aliyenigundua. Hakuwa na nia mbaya. Alinipeleka Tongaren kwa mtu aliyejulikana kwa dawa. Yule mtu alinichanja shingoni kwa wembe, chale juu ya chale, akapaka unga mweusi. Baada ya siku chache shingo ilivimba hadi kidevuni. Ikatoa usaha wa kijani wenye harufu iliyomfanya mtoto wangu akatae kunyonya. Nikapandwa na homa. Wanyonyi alinibeba mpaka hospitali moja ya Kitale, na huko wakanisafisha kidonda na kunitundikia maji.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia, "Mama, kidonda cha nje tutakiponya. Lakini kitu kilicho ndani lazima kitolewe kwa upasuaji."

"Kuna hatari gani?" nikamuuliza.

"Kuna mshipa mdogo wa sauti unapita nyuma ya hiyo tezi. Mara nyingi tunauokoa. Mara nyingine unaumia."

"Ukiumia?"

"Utaongea, lakini si kama sasa. Kuimba siwezi kukuahidi."

Nikamwambia nitarudi. Kidonda kilipopona nikaenda nyumbani, na sikurudi. Mtanielewa. Sikuwa na kisomo kikubwa wala shamba la jina langu. Nilichokuwa nacho mimi mwenyewe, kisicho cha mume wala cha watoto, kilikuwa ile sauti.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ugali ukaanza kunikwama, nikawa naushusha kwa maziwa. Nikilala chali napumua kama mtu anayepuliza filimbi, kwa hiyo nililala nimeketi, mito mgongoni. Moyo ulikuwa unaenda mbio hata nikiwa nimekaa tu. Nilitoka jasho wakati wa baridi, nikakonda. Mikono ikatetemeka hadi nikashindwa kutia uzi kwenye sindano, ikabidi binti yangu Nekesa anitilie kabla hajaenda shule.

Wanyonyi si mtu wa maneno mengi. Siku moja aliweka kikombe chake chini akasema, "Mama Nekesa, mimi sikuoa kwaya. Nilioa wewe. Si uende wakutoe hiyo kitu?"

Nikamwongezea chai.

Mwaka wa 1985 kulikuwa na mkutano mkubwa wa wanawake wa dunia kule Nairobi. Mtaukumbuka. Ulipoisha, baadhi ya wageni walitembezwa mikoani na makanisa. Kwetu Kitale aliletwa mmoja, tena kutoka mahali ambapo hakuna aliyepajua: Visiwa vya Marshall, katikati ya bahari ya Pasifiki. Aliitwa Miriam. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, nywele ndefu ameziviringisha nyuma ya kichwa, na shali shingoni. Alizungumza Kiingereza, na mke wa mchungaji wetu, Mwalimu Rasoa, akatutafsiria.

Tulifikiri angetuhubiria. Yeye akasimama akasema, "Mwaka wa 1954 nilikuwa na miaka saba. Alfajiri moja tuliona jua likichomoza upande wa magharibi."

Tukatazamana. Akaendelea. Wamarekani walikuwa wamelipua bomu la nyuklia kwenye kisiwa cha jirani. Lilikuwa la majaribio, kuona nguvu yake. Kwanza ulikuja mwanga, kisha mshindo uliotikisa nyumba. Saa kadhaa baadaye majivu meupe yakaanza kuanguka, laini kama unga. Yakafunika minazi, paa na maji ya kunywa. "Sisi watoto tulifurahi," Miriam alisema. "Tuliyachezea, tukajipaka mwilini. Ilipofika jioni ngozi ikaanza kuwaka. Tukatapika. Baadaye nywele zikawa zinabaki kwenye mkeka tukiamka."

Meli ilikuja kuwachukua baada ya siku mbili. Kwa siku mbili walikuwa wameinywa na kuila sumu ya majivu yale. Baada ya miaka mitatu walirudishwa, wakaambiwa kisiwa ni salama. Wakala nazi zake na kaa wake. Ndipo akina mama walipoanza kuharibikiwa na mimba, na watoto waliocheza na majivu wakaanza kuota uvimbe shingoni.

Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Hao watu hawakujua upepo unaenda wapi?"

Mwalimu Rasoa akatafsiri. Miriam akajibu, "Wao walisema upepo uligeuka. Sisi hatujawahi kuamini."

Kisha Mwalimu Rasoa akafungua ramani ya shuleni, na Miriam akaonyesha kwa kidole mahali pengine. Wamarekani walilipua pia kwenye jangwa lao la Nevada. Warusi wakalipua Kazakhstan. Waingereza walikwenda Australia. Wachina wakatumia jangwa lao. Wafaransa walianzia Sahara, halafu wakahamia bahari ya Pasifiki, na mwaka ule walikuwa bado wanaendelea.

"Ati Sahara?" akauliza yule mama. "Sahara hii yetu ya Afrika?"

"Hiyo hiyo. Algeria."

"Si huko kuna watu?"

Miriam alingoja atafsiriwe, akasema polepole, "Kila mahali walipolipua, walisema hakuna watu. Na kila mahali palikuwa na watu."

Mimi nilikuwa nahesabu umri moyoni. Tulikuwa rika moja. Mwaka ule yeye alipojipaka majivu, mimi nilikuwa Matulo nachunga ndama wa baba, na jua letu lilitoka mahali pake.

Wakati wa chai alinijia moja kwa moja. Nilikuwa nimevaa kola yangu ndefu katika joto la saa nane, na nadhani alisikia nilivyokuwa napumua. Alimwita Mwalimu Rasoa, akasema, "Mwambie huyu dada afungue."

Nikatikisa kichwa. Basi yeye akatoa shali yake mbele ya watu wote. Shingoni mwake kulikuwa na kovu refu, kutoka upande huu hadi huu, kama uzi uliovutwa. Akashika mkono wangu akaupitisha hapo.

Nikafungua vifungo.

Aliugusa uvimbe wangu kwa vidole viwili, kama daktari. "Miaka mingapi?"

"Minne."

"Kwa nini hujaenda?"

Nikamwambia habari ya sauti. Akatabasamu kidogo, kisha akaanza kuimba wimbo wa kwao, palepale kati ya vikombe. Sauti ilikuwa imechanika, inatoka na hewa nyingi. Aliimba ubeti mzima bila kuona haya, na mimi nikalia.

"Nani alikupasua?" nikamuuliza.

"Madaktari wa nchi ileile iliyolipua bomu."

"Sasa uliwezaje kulala mbele yao?"

Mwalimu Rasoa akatafsiri swali hilo. Miriam akasema, "Walikuja kila mwaka kutupima. Walituchukua damu, wakaandika, wakaondoka. Dada yangu alichoka kupimwa kama mnyama. Alikataa kisu chao, na akafa. Mimi nilikuwa na watoto watatu. Sikuwasamehe. Nililala tu."

Kisha akaniambia neno nililobeba hadi leo. "Ugonjwa wangu mimi niliwekewa na watu. Wako hukuwekewa na mtu, na daktari wako hajakukosea chochote. Utamkatalia kwa nini?"

Jioni ile nilimwambia Wanyonyi kwamba nitaenda. Alitoka nje. Nilipomfuata nikamkuta amesimama kando ya trekta anajifuta macho kwa kofia.

Tulikwenda hospitali moja ya misheni upande wa Bungoma, iliyokuwa na daktari mpasuaji, mzee Mhindi mwenye miwani minene. Swali langu la kwanza lilimshangaza. Nilimsimulia habari za Miriam na watoto wa kisiwa chake, nikamuuliza kama majivu ya mabomu yalinifikia na mimi.

Hakunicheka. "Siwezi kukuambia kwa hakika kwa nini huu wako ulianza," alisema. "Lakini mama, kwenu nyanda za juu mashamba mengi hayana iodini ya kutosha, na tezi hii inaitaka sana. Mnatumia chumvi gani?"

Nikamwambia tulitumia ile ya mawe, ya ng'ombe, na ya majivu ya maganda ya maharagwe kwenye mboga.

"Basi mnunue ile ya pakiti yenye iodini. Na unajua kwa nini majivu ya bomu yalikimbilia shingo za watoto wale? Yalikuwa na iodini yenye sumu. Tezi haikujua tofauti, ikaipokea kama chakula."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mwili wa mtoto uliipokea sumu kwa sababu ulidhani unalishwa.

Walinipa vidonge vya kutuliza moyo, na matone machungu kwenye maziwa, kwa wiki kadhaa. Siku ya upasuaji daktari aliniambia nitaje jina langu. Nikalitaja kwa sauti yangu ya zamani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuisikia.

Nilipoamka koo lilikuwa kama nimemeza kaa la moto. Kulikuwa na mpira mwembamba shingoni unaotoa damu kwenye chupa. Siku ya pili midomo ilikufa ganzi na vidole vikajikunja vyenyewe kama kucha za ndege. Nikafikiri nakufa. Muuguzi alikuja mbio, wakasema kalsiamu mwilini imeshuka, wakanidunga dawa mshipani taratibu, vidole vikafunguka. Daktari akasema tena, "Taja jina lako." Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa tupu.

"Pole, mama," alisema. "Mshipa mmoja ulikuwa umeshikwa na uvimbe. Nimejitahidi."

Kipande cha uvimbe kilipelekwa Nairobi kupimwa. Majibu yalipokuja, daktari alituketisha mimi na Wanyonyi. Saratani ilikuwa imeanza. Ilikuwa bado imejifungia ndani ya ganda lake, na yote imetolewa. "Ungengoja tena mwaka au miwili," alisema, "tungekuwa tunaongea mengine."

Nilinong'ona kwa miezi mingi. Watoto nyumbani nao wakaanza kunong'ona, wakidhani ndiyo heshima. Kanisani nilikaa kiti cha nyuma, na siku kwaya ilipoimba bila mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Sitawadanganya kwamba sikulia, au kwamba nimeacha kabisa kuitamani sauti ile. Lakini polepole hewa ikapata mlio. Mlio ukawa huu mnaousikia. Mwalimu mpya wa kwaya alinisikiliza, akakuna kichwa, akaniweka pamoja na wanaume wa besi. Wanyonyi alicheka hadi akakohoa. Nipo huko mpaka leo. Nakunywa kidonge changu cha kuziba pengo la tezi kila asubuhi, nakula ugali bila maziwa, nalala chali.

Miriam sikumwona tena. Mwaka wa 1995 redio ilisema Wafaransa wamerudi kulipua kule baharini, na sikuweza kushona siku nzima. Mwaka uliofuata ikatangaza kwamba mataifa yametia sahihi mkataba wa kukomesha majaribio hayo. Baadaye nchi nyingine bado zimelipua. Hata hivyo Jumapili ile ya mkataba akina mama wote tuliomba, tukataja visiwa vyake kwa jina, na Kazakhstan, na Algeria, tukisoma kwenye ileile ramani ya Mwalimu Rasoa.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na mume wangu aliyengoja. Ninyi nawaomba mguse shingo zenu leo, na za binti zenu. Kama kuna kitu kigumu, msikifunike, na msikubali wembe wa mtu asiye daktari. Nendeni hospitali mapema.

Mwezi uliopita nilimsindikiza msichana wa Tongaren kwenda kupasuliwa. Mlangoni alinishika mkono akaniuliza, "Mama, inauma?"

Nikamwambia, "Inauma. Na ukiamka utanikuta."