Mtoto wa Ndege na Shindano

Mwanangu, siku ninayoikumbuka niliianzia ndani ya treni. Nilitoka Kamina, treni ikalala Kabalo, ikalala tena Nyunzu, na nilipotelemka Kalemie miguu ilikuwa imevimba. Ilikuwa enzi za Zaire, nami kijana nisiyetulia mahali. Nilikuwa nimeelekezwa kwa Mama Feza, aliyekuwa na chumba cha kupangisha.

Uani kwake nilikuta watu. Binti yake mdogo alikuwa anawaka homa, macho yamegeuka juu, mwili unatetemeka. Mwanamume mwenye koti jeupe na mkoba wa chupa alikuwa amepiga magoti mbele ya Mama Feza na mtoto.

"Mama yangu, hii njo ndege," alisema kwa upole, maana kule degedege huitwa ndege, na sindano huitwa shindano. "Hospitali watamupiga shindano, na shindano inaua mutoto wa ndege. Umunyweshe hii. Inaponyesha ndege, utasa, kikohozi, hata mukosi."

"Na bei ya samaki inapunguza?" akauliza Papa Salumu, jirani aliyestaafu uuguzi.

Watu wakacheka. Mama Feza hakucheka. Chupa alikwisha kuishika. Nikafungua kinywa nimfokee mama huyo, Papa Salumu akanishika bega.

"Wacha. Kule hospitali wanamufokea, huyu anamuita mama. Ungekuwa wewe, ungemufuata nani?"

Kisha akamwinamia. "Mama Feza, unamujua Mulongo mwenye kukuuzia samaki ya mikebuka?"

"Namujua, ule mwizi wa bei!"

"Alikuwa mutoto wa ndege. Shindano nilimupiga miye. Unaona alikufa?"

Mama akacheka huku akilia, akairudisha chupa. Papa Salumu akambeba mtoto hadi hospitali, akakaa benchini pamoja na mama ili asifokewe. Ilikuwa malaria kali. Mtoto alipoamka, aliomba bugali.

Muuzaji alihamia Kabimba na koti lake lilelile. Kabla yake walikuwako waliouza unga wa dawa ndani ya pembe; leo wako ndani ya simu yako. Hawataisha, mwanangu, kwa sababu hofu ya mzazi haiishi. Basi ukimwona mtu anashika chupa yao, usimcheke. Ongea naye kwa mfano wa watu anaowajua, kisha mfuate mpaka kwa daktari, ukae naye.

Siku nilipoondoka Kalemie nisirudi tena, Mama Feza alikuja bandarini, binti yake anarukaruka mbele. Neno aliloniaga nalo ndilo ninalokupa: Mungu asikuache uende peke yako mahali unapoogopa.