Bwawa la Bibi wa Kizungu

Kila nikisafisha tangi la maji hapa nyumbani, harufu ya ule utando wa kijani hunipandisha hasira. Nilikuwa mtoto, mimi na mama tukisugua kwa makumbi ya nazi bwawa la kuogelea la bibi wa Kizungu, lililotelekezwa hadi likaota utando huohuo. Mikono ilituchubuka. Maji mapya yalipojaa, alasiri ikaadhiniwa, mama akachota kopo moja atawadhe.

“Usinichafulie maji yangu!” bibi akafoka.

Papo hapo mbwa wake akajitosa bwawani, na bibi huyohuyo akampigia makofi huku anacheka. Mama akalimwaga kopo lake majanini.

“Twende mwanangu, tukatawadhe bombani,” alisema kwa sauti, bibi asikie. “Haya yameshaingia najisi.”