Lori Lililotandikwa Nyasi

Baba alikuwa dereva wa lori la ushirika, lile la kubebea kahawa, na msimu ulipokwisha akaliomba kwa siku mbili. Sababu ilikuwa bibi, mama yake mama. Jicho lake moja lilishazimika, na la pili lilikuwa na ukungu, linaona pale tu jua linapokuwa kali. Bibi akaapa kwamba hapofuki mpaka alione tena kanisa la Kashozi, alikobatizwa akiwa msichana. Mama alikuwa na kichanga, kwa hiyo wa kumsindikiza nikawa mimi. Nilifurahi mpaka chakula kikanishinda!

Sasa, baba na bibi walikuwa mtu na mama mkwe wake. Kwetu miaka hiyo mkwe alikuwa hamtazami mama mkwe usoni, hamsemeshi, wala haingii nyumba anamolala. Walikuwa wanasemeshana kupitia kwangu hata wakiwa wamekaribiana.

"Mwambie bibi yako tunaondoka."

"Mwambie baba yako mimi si kiziwi."

Asubuhi ile pale Nshamba, baba alikuwa amefunga turubai na kuweka godoro, anajiona fundi. Bibi akapapasa sakafu, akaguna. "Nilale pasipo nyasi? Kwani mimi gunia la kahawa?" Nyumba zetu zilitandikwa nyasi, na yeye hakuona kwa nini lori liwe tofauti. Tukakata nyasi mbichi, tukatandika mpaka kwenye pembe. Kuanzia hapo lori likawa nyumba, na nyumba ikawa ya bibi. Baba hakukanyaga tena kule nyuma. Hata kioo cha pembeni alikigeuza kitazame migomba, asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya.

Kabla hatujafika Muleba watu wakaanza kutusimamisha. "Ndugu dereva, gari hili ni lako au ni la wananchi?" Enzi zile za ujamaa ungejibu nini? Baba akasimama, tena na tena. Na kila aliyepanda alisikia sauti kutoka ndani: "Vua viatu! Hapa ni kwangu." Kisha bibi akamnyooshea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama afanyiwavyo mgeni yeyote kwetu. Akina mama wenye kuku, mwalimu na baiskeli yake, wote wakakaa pekupeku juu ya nyasi wakitafuna na kuimba, nyimbo za kanisa na za siasa bila kuchagua. Mimi nilihamishiwa mbele kwa baba ili baiskeli ipate nafasi. Sikununa hata kidogo.

Kemondo tukashuka kutazama ziwa na meli iliyokuwa inapakia. Wakati wa kuondoka baba akasimama nje ya turubai, akaligeuzia mgongo, akapaza sauti, "Nyumba imejaa?"

"Imejaa!" wakajibu. Tukaondoka.

Bukoba tukasimama penye boma la Mjerumani. Nikakimbia nyuma kumwita bibi aje alione. Hayumo.

"Si mwenye nyumba yuko huko mbele nanyi?" akauliza mwalimu.

Baba akashika kichwa. "Mawe, ole wangu! Nimemwacha mama mkwe Kemondo!" Vijana wa mtaa wa Miembeni waliokuwa wanapita wakacheka mpaka wakaegemea lori. Abiria wakateremka, sisi tukageuza mbio. Tulimkuta bibi amekaa kwenye kigoda cha muuza samaki, amestarehe.

"Mwambie baba yako," akasema, "nyumba yangu imenikimbia."

Nilicheka hadi machozi. Baba hakucheka. Alikuwa anatazama jua.

Alilikimbiza lori, lakini tulipoingia Kashozi jua lilikuwa limeshazama nyuma ya migomba. Bibi akanishika bega, akanyoosha shingo. "Liko wapi?"

"Hilo hapo, bibi."

"Naona kiza tu."

"Ni kubwa," nikasema. Nilitaka kulia.

Ndipo sauti ya baba ikatoka nyuma yetu. "Mama." Sikuwahi kumsikia akimwita. Alikuwa amelikazia macho kanisa. "Mlango uko mbele yako, umefunguliwa nusu. Kuta ni nene. Juu ya msalaba ametua kunguru, anajikuna."

"Na ngazi?" bibi akauliza, wala hakuniuliza mimi.

"Zimelika katikati, mama."

"Hapo ndipo nilipoanguka siku ya ubatizo! Viatu vya kuazima vile, waitu, jamani, vilinivua heshima!"

Baba akapasuka kwa kicheko, bibi naye, mpaka kunguru akaruka. Bibi akaingiza mkono kikapuni, akatoa kahawa, akainyoosha kule sauti ilikotoka. Baba akanitazama, akingoja niipokee nimpelekee.

Nikaweka mikono yangu nyuma.