Alama ya Buluu kwenye Plasta

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine wanaoongeza chumvi: ni kweli, mimi, mtu mzima mwenye diploma, niliyepanda ndege kwenda na kurudi, nilijiaibisha mchana peupe katikati ya boma la wakwe zangu kule Kabazi, mpaka mpiga picha akaketi chini kwa kucheka. Aibu hiyo haijaisha. Naipunguza tu kwa kuisimulia.

Lakini ili muelewe nilivyoanguka lazima kwanza mjue nilivyokuwa nimepanda (hapa mtanivumilia kidogo). Nimekulia Kaptembwo, nikabeba mawe ya mjengo, nikauza mayai ya kuchemsha, nikajilipia karo mwenyewe hadi India, nikarudi na diploma ya teknolojia ya dawa, ambayo imo kwenye fremu sebuleni kwangu, mahali ambapo hata jirani akija kuomba kiberiti lazima aione. Sasa niko kwenye maabara ndogo hapa Nakuru, tunatengeneza plasta za vidonda, na si zile za dukani jamani, hizi ni utando mwororo unaotokana na maganda ya uduvi wa baharini, ukiushika utadhani ni ule wa ndani ya ganda la yai, na tumeutia dawa inayotoka polepole, siku baada ya siku, ikiingia kidondani bila mgonjwa kudungwa sindano (na sindano za ugonjwa huu zinauma, muulize aliyedungwa). Ugonjwa wenyewe huletwa na kimelea kinachobebwa na usubi, kainzi kadogo kanakojificha kwenye nyufa za mawe wanakolala pimbi. Kakikuuma panatoka kipele, kipele kinafunguka, kinakuwa kidonda kisichouma sana lakini kisichotaka kupona, na watu wanaanza kukaa mbali nawe.

Njeri, mwalimu wa chekechea kule Gilgil, alikuwa nacho juu ya mguu. Kiangazi kizima alikificha ndani ya gambuti, buti zile za mpira, hata kanisani. Sikumpata kliniki (msinifikirie vibaya, waliomtibu ni wauguzi wanaozijaribu plasta zetu, mimi hutengeneza tu), tulikutana kwenye harusi ya rafiki, yeye akicheza na gambuti zake bila kujali mtu, nami nikajiambia, huyu ndiye. Ilipokaribia siku yetu ya ruracio, siku ya kupeleka mahari, kidonda kilikuwa karibu kufunga.

"Macharia," akaniambia, "nimechoka kuitwa yule msichana wa kidonda. Siku hiyo usiseme neno kuhusu mguu wangu. Hata moja."

Nikaapa. Niliapa vizuri sana.

Sasa, kwetu, kabla wazee hawajaketi kuzungumza, bibi harusi hufichwa. Anapangwa mstari mmoja na wanawake wengine, wote wamefunikwa leso kuanzia kichwani mpaka karibu na ardhi, na wewe unaambiwa haya, chagua wako. Ukikosea unatozwa faini na unachekwa mpaka uzeeni. Wenzangu wengi hukosa usingizi juu ya jambo hilo, lakini mimi nikasema ah, mimi si ni mtu wa sayansi? Kwenye plasta ya mwisho niliyomtumia Njeri nikachora mstari wa buluu ukingoni, kwenye kitambaa cha juu (si kwenye dawa, mimi si mjinga kiasi hicho), nikamwambia aibandike asubuhi ya siku yenyewe. Sababu sikumpa. Ni hilo tu nililoamua, mstari mmoja wa kalamu, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Siku ikafika. Shangazi yangu, Tata Wambui, akanivuta koti langoni. "Lakini utamjua kweli?"

"Tata, hata mkinifunga macho!"

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima leo. Lakini wamama wa upande wa Njeri walikuwa wanasikiliza, na mimi nikiona watu wanasikiliza huwa nashikwa na kitu, nikapaza sauti: "Nikikosea, nitajifunga leso kiunoni niwapakulie chakula wamama wote!"

"Tumekusikia, boss!" mmoja akajibu, na vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia.

Wakapangwa. Nikapita mbele yao mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, upepo ukainua pindo la leso ya tatu, na pale juu ya mguu, ndani ya ndara, nikaona mstari wangu wa buluu. Mtu mwenye akili angesema "ni huyu" na kufunua. Mimi nikageukia umati, nikakohoa.

"Wazee wangu, wengine huchagua kwa kubahatisha, mimi nachagua kwa teknolojia! Chini ya leso hii kuna mguu uliokuwa na kidonda kibaya, kidonda kilichoshinda kila dawa, mpaka mikono hii..." na nikaendelea. Nikaeleza usubi. Nikaeleza uduvi. Mzee mmoja akauliza kama pimbi nao huugua, nikamjibu kwa kirefu. Kisha nikanyoosha mkono, nikatangaza, "Huyu ndiye nitakayeishi naye mpaka kifo!" na nikavuta leso.

Alikuwa shosho. Mama mzazi wa baba yake Njeri, amevaa kofia ya sufu, ananitabasamia kwa meno aliyobaki nayo.

"Karibu, mume wangu," akasema.

Kelele iliyotoka hapo sijawahi kuisikia hata uwanjani. Baadaye ndipo nilipoelewa: wiki ile muuguzi alikuwa amemwambia Njeri ngozi imefunga, hahitaji plasta tena, na shosho naye alikuwa na kidonda kama kile, amekificha ndani ya soksi muda mrefu, kliniki hataki kusikia, lakini asubuhi ile akakubali kujaribu "hiyo kitu ya kijana wetu". (Dawa ya mgonjwa mmoja haigawiwi mwingine, nimelisema hilo nyumbani mara nyingi, na kila mara najibiwa kwa macho tu.)

Nilikuwa bado najaribu kucheka na wenzangu niliposikia sauti kutoka mwisho wa mstari, ndani ya leso.

"Nilikuomba kitu kimoja, Macharia."

Akaondoka vile vile alivyofunikwa, akaingia nyumbani, na wenzake wakamfuata. Kicheko kikafa. Baba yake akaweka kikombe chini.

"Kijana," akasema, bila kelele yoyote, "mtoto wangu akikataa kutoka, tutakula chakula hiki kama majirani, halafu mtaenda kwenu."

Diploma yangu yote haikuwa na somo la hapo. Nilisimama na leso ya shosho mkononi, nikijua kwamba mwanamke ninayempenda yuko nyuma ya mlango ule na kwamba nimemgeuza tena kuwa msichana wa kidonda, tena kwa kipaza sauti changu mwenyewe, mdomo.

Aliyeniokoa ni shosho. "Jamani, mimi sijakataa!" akapaza sauti. "Mahari yangu ni meno mapya tu!" Watu wakapumua. Akachechemea hadi ndani, akakaa huko mpaka Tata Wambui akaanza kuomba kwa sauti, kisha shosho akatokea mlangoni.

"Anatoka. Lakini utachagua upya, na miguu hutaiona."

Wakatoka wakirukaruka, kila mmoja amesimama ndani ya gunia la viazi lililofungwa kiunoni, juu leso. Sikuwa na alama wala hotuba. Nikasimama mbele ya kila mmoja nikasema polepole, asisikie mwingine: "Samahani. Nilikuahidi, na nikavunja kwa kutaka kusifiwa."

Wa kwanza alinyamaza. Wa pili alicheka (nikampita, Njeri hangenichekea saa ile). Wa tatu alinyamaza. Wa nne akasonya, msonyo mrefu, ule wa mtu aliyekasirika lakini amechoka kukasirika, na ule msonyo naujua, huwa napigiwa kila nikichelewa.

"Ni huyu," nikasema. Basi.

Nikainua leso. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa unapigana na kicheko, na sijui mpaka leo kama alisonya kwa bahati au kwa kunihurumia, na hataki kuniambia.

"Mnangoja nini?" akawaambia wamama. "Mpeni leso yake ajifunge."

Nikapakua. Mukimo, mchuzi, kabeji, safu kwa safu, wamama wakinituma kama mpishi wa shule, "mathe huyu hajapata supu, kijana!" Nilipofika kwa shosho akanivuta sikio mpaka kwenye mdomo wake.

"Kesho nipeleke kwa hao madaktari waniangalie mguu," akanong'ona. "Lakini usihutubie."

Nikafungua mdomo nimweleze vipimo hufanywaje, nikaufunga, nikamwongezea nyama, na hapo hapo, leso kiunoni na mwiko mkononi, nikaapa kiapo cha pili, ambacho hiki nimekishika (hata haya ninayosimulia, Njeri na shosho wameniruhusu): kidonda cha mtu nitakitengenezea dawa, lakini habari zake atazitoa mwenyewe, akipenda.