Ukurasa wa Muganga Elia

Nakumbuka siku ambayo lori la parokia lilitushushia masanduku manne ya vitabu hapa Baraka, miaka miwili kabla ya vita vya kwanza kutufikia. Nilikuwa mwalimu kijana wa historia, suruali imenyooshwa kwa pasi ya makaa, kalamu mbili mfukoni ingawa moja haikuwa na wino. Wewe mwanangu umeniletea kitabu chako kinene cha maisha ya watu mashuhuri wa dunia, unaniuliza kama kinafaa kuwekwa katika maktaba ya shule. Nitakujibu. Ila kaa vizuri, maana jibu langu ni refu na halina sukari.

Padri aliyekuwa mkuu wetu wa shule alinipa kazi ya kuvipima vile vitabu, kipi kiwekwe na kipi kiachwe. Kulikuwa na juzuu tatu za Kifaransa, kamusi ya watu wakuu wa ulimwengu mzima, kila mmoja na kapicha kake. Nilizisoma wiki mbili. Nikakuta mfugaji wa farasi wa nchi za baridi amepewa ukurasa mzima, na mtu aliyebuni aina fulani ya kufuli akapewa nusu. Nchi yetu, na ukubwa wake wote, ilikuwa na majina yasiyojaza vidole vya mikono miwili. Kutoka Uvira mpaka Kalemie, pwani yote hii ya ziwa, hapakuwa na hata mtu mmoja. Yaani hatukuzaliwa.

Nilikasirika, na hasira ile ilikuwa ya haki, siikani mpaka leo. Niliandika ripoti kali. Niliuliza ni nani aliyechagua majina yale, na alimuuliza nani kabla ya kuchagua. Niliuliza waliosifiwa walichangia nini, na walioachwa waliachwa kwa sababu gani. Walimu wenzangu walinipigia makofi, kichwa kikavimba. Nikatangaza palepale kwamba nitaandika kitabu chetu wenyewe, Watu Wakuu wa Fizi, yaani wa wilaya yetu hii, ili dunia ijue kwamba na sisi tuna watu.

Nyani haoni kundule, mwanangu. Methali hiyo niliwafundisha wanafunzi wangu na kuwatahini nayo, na sikujua hata kidogo kwamba inanihusu.

Nilizunguka na baiskeli karibu mwaka mzima. Nilifika Lubondja kwa wakulima, nikafika Misisi kwa wachimba dhahabu, nikashuka kwa wavuvi. Kwetu Wabembe maisha ya mtu hayaandikwi chumbani. Yanasemwa lubungani, kwenye kile kibanda cha wazee ambamo mashauri ya kijiji hukatwa, mbele ya watu waliomjua mwenyewe. Ukimwongezea mtu sifa, mzee mmoja anakohoa, anasema, "Apana, ile mutumbwi alichongaka ndugu yake, yeye alishikaka tu kamba." Nawe unafuta. Hakuna kamusi ya Ulaya iliyopimwa vikali namna hiyo, na mimi nilijivunia jambo hilo kila nilikokwenda.

Nikiri kwanza dhambi ndogo. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu kule Misisi alitupatia karatasi na wino wa mashine ya kuchapia. Nikampa kurasa tatu. Wazee wa huko walikohoa mpaka ungedhani wana kifua kikuu, mimi nikajifanya kiziwi. Ukiona mtu amesifiwa kurasa tatu na hujui alifanya nini, tafuta karatasi ilitoka wapi.

Dhambi kubwa ni hii. Mtu wa kwanza kabisa niliyemwandika alikuwa Elia. Watu walimwita muganga, lakini kwa cheo alikuwa muuguzi wa zahanati yetu. Alizaliwa juu milimani, katika zile familia za wachungaji wa ng'ombe wanaosema Kinyarwanda, akashuka Baraka akiwa kijana na kukaa hapa zaidi ya miaka ishirini. Kibembe alikisema kwa lafudhi iliyotuchekesha, lakini hakukosea salamu ya mtu. Kipindupindu kilipotuingilia alilala zahanati mwezi mzima. Wadogo zangu watatu walizaliwa mikononi mwake. Maisha yake yalisemwa lubungani kama ya wengine, na siku ile hakuna mzee aliyekohoa.

Yeye mwenyewe alinipitia shuleni mchana mmoja, kofia mkononi.

"Mi siko mutu mukubwa, mwalimu," akasema. "Andika tu: alikalaka hapa, alitumikaka hapa, batoto yake balizaliwa hapa. Inatosha."

Nilicheka. Nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe mwenzangu alikuwa ameanza kunusa moshi.

Haukupita muda redio zikaanza kusema maneno mabaya, na watu wakayarudia sokoni na makanisani. Watu wa milimani wakaanza kuitwa wageni, kisha maadui, na waliosema hivyo walikuwa watu tuliokula nao. Mwalimu mmoja, rafiki yangu, akaniweka kando. "Ule mutu wa milima," akaniuliza, "utamuacha mu kitabu? Batu batakuuliza we uko upande gani."

Hakunitisha. Hakunishikia panga. Aliniuliza swali tu, na mimi niliogopa swali. Nilikwenda nyumbani na ukurasa wa Elia umekwisha kupigwa chapa, nikausoma mara moja, nikautia katika moto wa mama yangu, chini ya sufuria ya muhogo. Sikuurudisha lubungani niwaulize wazee kama uondolewe, maana nilijua wangesema nini. Nikajifariji kwamba sikuandika uongo wowote, nimeondoa tu. Mwanangu, mwoga hakosi neno zuri la kujipooza.

Kitabu kikatoka, nakala arobaini zilizobanwa kwa pini. Watu walikigombania! Waliokuta majina ya babu zao walitembea vifua mbele, na waliokosa walikuja kunigombeza. Niliwajibu kwa jeuri ya ujana, "Kama hauko mu kitabu, hauko." Watu wakacheka, wakalishika neno lile, wakawa wanalirudia vilabuni. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Kisha vita vikafika. Asubuhi moja vijana wenye mapanga na bunduki mbili tatu waliizingira zahanati. Walimtoa Elia na mkewe na watoto wao wanne, wakawasimamisha uani. Chefu, mkuu wa mji, alikuja mbio, mzee mnene mwenye moyo, anahema. Nami nilikuwepo, katikati ya watu.

"Huyu iko mutu wetu," chefu akasema. "Maisha yake tulisemaka lubungani. Benye mulikuwa kule munajua."

Wazee wawili wakaitikia. Zamani neno hilo lingetosha. Kabla ya mimi na mashine yangu ya kuchapia, neno la lubunga lilikuwa mwisho wa maneno. Lakini kijana mmoja mwenye bunduki, niliyemfundisha mwenyewe darasa la pili la sekondari, akasema, "Maneno ya lubunga inapitaka na upepo. Kitabu ya mwalimu iko wapi?"

Na chefu akatabasamu! Hilo ndilo linaloniua. Alifurahi, maana alikuwa lubungani siku ile, na hakuwa na shaka kwamba ukurasa upo. Alimtuma mtu akimbie nyumbani kwake kuleta nakala. Ilipofika, alilowesha kidole akafunua, majina yamepangwa kwa alfabeti, akafika penyewe, akapapita. Akarudi nyuma. Akafunua tena polepole, anabandua karatasi kana kwamba mbili zimeshikana. Kisha akainua uso, akanitafuta kati ya watu.

"Mwalimu, ukurasa ya Elia iko wapi?"

Sentensi moja ingetosha. Ningesema nimeuchoma kwa woga. Ningesema aliwazalisha wadogo zangu, na nyinyi pia, nyinyi mnaomshikia mapanga, wengi wenu mikono yake ndiyo ya kwanza iliyowagusa duniani. Labda wangenipiga. Labda wangeniua, sijui. Nilichosema ni hiki: "Chefu, kitabu iko vile iko."

Elia alinitazama kidogo tu, kama alivyokuwa akimtazama mgonjwa anayeficha ugonjwa wake. Alimbeba mtoto wake wa mwisho, wa kike, wakaondoka wote kwa miguu kwenye barabara ya kando ya ziwa, vijana nyuma yao. Aliuawa kabla ya jua kuzama, yeye na wanawe wa kiume. Mke na yule mtoto mdogo na dada yake walipona. Hayo niliambiwa baadaye na wanaojua. Zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu sikuwepo, na nimekoma kusema nisiyoyajua.

Nilipofika nyumbani mama yangu alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, ndiyo tulisemaka siye bakubwa," akasema. "Ule mutu alikamata batoto yangu batatu na mikono yake. We ulifikiri ni karatasi tu ulichoma mu moto yangu?"

Tangu siku hiyo hakuniita mwalimu tena. Vita vilipotugeukia sisi wenyewe, kijiji kwa kijiji, tukavuka ziwa na kuishi kambini upande wa Kigoma. Mama alifia huko na kuzikwa huko, na mpaka mwisho alikuwa akiniita "we" tu. Nakala zangu arobaini sijui ziliishia wapi. Nyingine nasikia ziliwashia mafiga ya wakimbizi. Ni heri. Zilipika chakula, kazi nzuri kuliko ile ya kwanza.

Tulirudi. Watu wanasema muda huponya, na mimi ninawaacha waseme. Miaka michache iliyopita alikuja hapa mwanamke mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya chini, akaketi hapo ulipoketi wewe.

"Mi ni mutoto ya Elia," akasema. "Ule mudogo. Mama alinielezaka kama mwalimu aliandikaka maisha ya baba, kisha ukurasa ikapotea. Nakuja kuuliza kama mulishaiona. Batoto yangu banataka kujua babu yao alikuwa nani."

Ningeweza kusema iliungua katika vita, na wala nisingekuwa nimedanganya sana. Mwanangu, uongo ule ulinijia mdomoni tayari umepikwa. Lakini nilikuwa mzee, na nilikuwa nimechoka. Nikamwambia yote, kuanzia swali la rafiki yangu mpaka moto wa mama na lile neno nililomjibu chefu. Hakulia. Nikamwambia ninaukumbuka ukurasa wote, neno kwa neno, nitauandika upya leo hii.

"Apana," akasema. "Maisha ya baba tutayasema siye benyewe, na batu benye balimujua. We andika yako."

Akasimama, akaaga kwa heshima kama alivyolelewa, akaenda zake. Chai aliyotiliwa na mke wangu hakuigusa.

Basi nimeandika. Nimeandika maisha ya watu zaidi ya mia katika uhai wangu, na huu ndio ukurasa ulionishinda kwa miaka. Umetoka mfupi. Alizaliwa Baraka. Alifundisha historia. Alimwondoa jirani yake kitabuni, akaulizwa mbele ya watu, akanyamaza. Nimewasomea wazee lubungani. Hakuna aliyekohoa.

Sasa nasaha yangu ni hii, nawe waambie wenzako. Ukishika kitabu cha watu wakuu, usianze na waliomo. Tafuta asiyekuwemo, kisha ukamuulize mkunga, muuguzi, mvuvi na jirani kwa nini hayumo, maana aliyeandika hatakuambia. Usikubali kamwe karatasi iliyo kimya imshinde mtu hai anayesema "namjua". Na ikitokea kalamu imo mkononi mwako, ukaambiwa ufute jina la mtu ili ukae salama upande wa wengi, jua kwamba kuna siku utasimamishwa uani na kuulizwa ukurasa uko wapi. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuwa mkubwa, analala nyumbani kwangu.

Nenda, mwanangu. Mungu aufanye mkono wako mzito unapofuta jina la mtu, na ulimi wako mwepesi unapoulizwa juu ya jirani. Akupe watu wa kukukoholea ungali hai, uwasikie. Na siku maisha yako yatakaposemwa, yasemwe na wale uliowatetea.