Nusu ya Kwanza ya Wilf Sugden

Mimi ni mpiga ngoma wa klabu ya wafanyakazi, hapa chini ya kiwanda cha sufu, na wachekeshaji wakija kazi yangu ni moja. Mtu akimaliza kichekesho, nampigia dum-dum-tsh, ili wanaume walioinamia bia zao wajue kwamba hapo palikuwa pa kucheka. Wilf Sugden nimempigia mpaka mikono ikaniuma. Ningepiga msibani ningepata wachekaji wengi zaidi.

Wilf ni jirani yangu, mwembamba, amepita hamsini, na suti ya kijani aliyoinunua kwa mjane wa mchekeshaji mwenzake. Nuksi ilimganda. Siku moja meno yake ya bandia yaliruka jukwaani yakatua kwenye bia ya mwenyekiti, na ukumbi ukavunjika mbavu. Basi mpumbavu yule Jumapili iliyofuata akayalegeza makusudi, yakaenda nyuma badala ya mbele, yakamkaba koo. Hakucheka mtu. Tulimpigapiga mgongo mpaka yakatoka. Klabu nyingine alifungua na vichekesho vya mama mkwe, kumbe katibu wa pale alikuwa amemzika mama mkwe wake juzi, na alikuwa akimpenda.

Kwetu mchekeshaji akishindwa hazomewi. Anaachwa amalize nusu ya kwanza, halafu ikishachezwa bingo, ule mchezo wa kutia alama kwenye kadi namba zinazosomwa, na wa kwanza kujaza kadi akashinda fedha, katibu anamfuata chumba cha nyuma akiwa amemshikia koti lake. Anamshikia tu, mtu anaingiza mikono, anakwenda zake. Wilf alikuwa ameshavalishwa koti katika klabu za bonde zima.

Mkewe, Mavis, hakuwahi kwenda kumwona. "Nikaone nini?" alikuwa akisema. "Nyumbani namwona bure." Lakini mwaka ule alichoka. Kaka yake ni msimamizi kiwanda cha vioo, akampatia Wilf nafasi ya kufagia. Mavis akamweka mumewe kitako mbele yangu.

"Jumapili nakuja kwenye hiyo klabu yako," akasema. "Nikisikia watu wanacheka, endelea na wazimu wako, sitakugusa tena. Nisiposikia, Jumatatu kiwandani, na hiyo suti naichoma."

"Watacheka, mke wangu."

"Haya. Tutaona."

Jumapili mchana ukumbi ulijaa, moshi mpaka dari. Mavis alikuwa bado nyumbani, maana nyama ya Jumapili ilikuwa ovenini, na hakuna mwanamke wa kwetu anayeiacha iungue kwa sababu ya mume. Alisema atafika nusu ya pili.

Wilf akapanda. Akasema, "Mama mkwe wangu alikuja kukaa siku mbili. Wakati huo mwanangu alikuwa hajazaliwa. Juzi amepata leseni ya udereva." Nikainua fimbo zangu, na kabla sijapiga, nikasikia kicheko. Nikafikiri kuna mtu ameanguka. Akatupa kichekesho kingine, wakacheka tena. Albert Ramsden, mzee ambaye hajacheka tangu vita viishe, alitoa leso akafuta macho. Mimi nilikuwa napiga ngoma huku nimejaa furaha kama mjinga. Wilf aliposhuka alinijia mbio.

"Les," akaniambia, "umesikia?"

"Nimesikia, ndugu yangu. Nenda kapumzike."

Hakupumzika. Furaha haikumkalisha. Alijifungia chumba cha nyuma, akachukua kipaza sauti cha akiba, akaanza kujifanyia mazoezi ya nusu ya pili. Hakujua kwamba kile chombo kilikuwa kimewashwa.

Huku ukumbini bingo imeanza. Wakati wa bingo kwetu hakuna anayekohoa wala kuinua kichwa. Kanisani watu wanapiga soga zaidi kuliko pale. Mavis akaingia wakati huohuo, akasimama mlangoni na kitambaa chake kichwani. Clifford Haigh, katibu, ndiye aliyekuwa anasoma namba. Mpira mmoja wenye namba ukamdondoka, akainama chini ya meza kuutafuta. Na hapo sauti ikatoka kwenye spika:

"Nikamuuliza daktari, nitafika sitini? Akasema, mbona una sitini na mbili?"

Watu vichwa chini. Walichokisikia ni namba, wakatia alama. Bi Thackray, mjane wa mchimba makaa, akaruka na kadi yake juu.

"Bingo! Ni mimi! Mungu wangu, ni mimi!"

Alikuwa ameshaanza kulia, ameshakumbatia meza nzima, ndipo Clifford akaibuka na mpira wake mkononi. Ilibidi amwambie kwamba namba zile hakuzisoma yeye. Sikuwahi kuona mtu akikaa chini polepole vile. Clifford akaenda kulichukua koti.

Nje, watu wakitoka, Wilf alisimama na mkewe, na mimi pembeni.

"Walicheka, Mavis. Nusu ya kwanza. Muulize Les."

"Kweli, shemeji," nikasema. "Walicheka mpaka machozi."

Mavis aliniangalia kwa huruma. "Wewe ni rafiki yake, shemeji. Ungesema nini kingine?"

Wilf akamwahi Albert mlangoni. "Albert, mwambie mke wangu. Ulicheka, hukucheka?"

Albert alimtazama, akamtazama Bi Thackray aliyekuwa anashikwa mkono kupelekwa nyumbani. "Mimi? Sikucheka," akasema, akapita. Wilf akamuuliza mwingine, na mwingine tena. Hakuna aliyecheka. Ningeweza kumtia ngumi kila mmoja wao, na leso ya Albert bado ilikuwa mbichi mfukoni.

Mavis akamfunga mumewe kifungo cha koti. "Twende ukale," akasema. "Nyama inapoa."

Jumatatu alfajiri alisimama getini kwangu na kibweta chake cha chakula. Shemeji yake, kaka wa Mavis, alikuwa anamsubiri kwenye kona.

"Les," akasema, "hapa ni mimi na wewe tu. Niambie kweli. Walicheka?"

"Walicheka, Wilf."

Akanitazama vilevile Mavis alivyonitazama, akanishukuru, akaenda kazini.