Kicheko cha Fundi Saa

Mtaani walimwita Mama Vichekesho, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. Miaka kumi na tisa aliandika mchezo wa kuchekesha wa redio, na yeye mwenyewe uso mkavu kama mkate wa juzi. Kwake utani haukuwa utani mpaka mtu acheke. Na mtu huyo alikuwa mmoja tu, mumewe, fundi saa.

Alimsomea mezani, mzee kashika saa zake. Akifika penye utani, ananyamaza. Mzee akicheka, unabaki. Asipocheka, unafutwa, hakuna cha kujitetea.

Sasa mzee kafariki, mwezi wa tatu huu, na mama wa watu hajaandika hata mstari. Mtayarishaji wa kipindi, mtu muungwana lakini naye ana wakubwa zake, akampigia simu: "Mama, nisipopata mpya Ijumaa, kipindi wanakifunga."

"Nimsomee nani?" akamjibu, akakata.

Alhamisi asubuhi binti yake akaja kumsaidia kukusanya vifaa vya marehemu. Mama akamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Binti akashusha pumzi.

"Mama, usinikasirikie. Baba alikuwa hasikii. Miaka yake minne ya mwisho. Alinikataza nisikwambie."

"Acha masihara! Na kucheka kule?"

"Alikuwa anakutazama. Utani ukikukolea, mabega yanakupanda kabla hujanyamaza. Hapo anacheka. Yasipopanda, hacheki."

Weee! Mama alipandisha hasira. Kafanywa mjinga ndani ya nyumba yake mwenyewe! Miaka minne anamsomea ukuta! Akafoka mpaka sauti ikamkauka, kisha akakumbuka alivyokuwa akimgombeza mzee kwa kutomwitikia. Miaka minne yule bwana alikaa kwenye ukimya peke yake, na mkewe yuko ng'ambo ya meza. Hapo ndipo alipolia, na alilia sana.

Binti alipoondoka, akavuta karatasi. Akaandika habari ya mke anayemgombeza mume wake kiziwi, naye mume anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, mpaka akakubali kuhamiwa na mama mkwe.

Akasoma kwa sauti. Mabega yakapanda, na safari hii aliyahisi. Akanyamaza, akasubiri muda uleule wa siku zote, macho kwenye kiti cha mzee.

Hakuna aliyecheka. Hakuufuta utani ule.